Siku Kumi na Sita Kando ya Bomba la Baba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Mamlaka yetu ya Maji. Ndugu Mkurugenzi Mkuu. Wakuu wa Idara. Wakuu wa Vitengo. Makaimu Wakuu wa Vitengo, ambao mmekaimu kwa muda mrefu mpaka baadhi yenu mmestaafu mkiwa bado makaimu. Wafanyakazi wenzangu wa ofisini, wa mitamboni na wa mitaroni. Wastaafu wetu mliojisogeza karibu na feni. Ndugu na jamaa. Wageni mlioalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa lakini mmesikia kwamba leo kuna chakula: salamu zangu ziwafikie wote kwa mpangilio huo, na niliyemruka aniwie radhi. Ratiba niliyopewa ina vyeo kumi na tisa vya kutaja, na dakika tano za kuzungumza. Vyeo vimeshamaliza mbili.

Shangazi yangu, uliyekaa mstari wa mbele kwenye kiti chenye karatasi ya "Mgeni Maalumu", shikamoo. Kaa hapo hapo, usibanduke. Mwenye kiti hicho ametuma mwakilishi, na mwakilishi ametuma udhuru.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu ametangulia kusema, kwa ufasaha uliomtoa machozi Afisa Uhusiano, kwamba mimi ni kielelezo hai cha utamaduni wa kujali uliojengeka ndani ya Mamlaka hii. Nimeguswa sana. Nimefanya kazi hapa miaka ishirini na miwili, na hii ni mara ya pili kwangu kuitwa kitu. Mara ya kwanza niliitwa kujieleza.

Kwa wale msionifahamu, mimi ni karani mkuu wa masjala. Ofisi yangu iko ghorofa ya chini, mlango wa tatu ukishapita choo, chumba kisicho na dirisha lakini chenye majalada elfu kumi na moja. Barua ikiingia katika jengo hili, mimi ndiye ninayeigonga muhuri wa "Imepokelewa", naipa namba, naifungia jalada, nalipeleka jalada kwa mkubwa, na mkubwa akishaandika "Nimeona", nalirudisha kabatini likapumzike. Naomba mnikumbuke na muhuri wangu, kwa sababu katika habari hii mimi si malaika.

Na baba yangu, ambaye kwa ajili yake leo mmevaa fulana, alikuwa mkaguzi wa bomba kuu. Wastaafu mnamkumbuka. Mlimwita Bwana Sikio. Bomba letu linatoka kwenye chanzo kule milimani na kuja mpaka tanki kuu lililo juu ya mji, kilomita mia mbili sitini na nne, na kwa miaka thelathini na mmoja baba alitembea kando yake, kipande kwa kipande, akiwa na nyundo ndogo na daftari. Anagonga bomba, anainama, anatega sikio. Akisikia mlio haujakaa sawa, anaandika. Tulipokuwa wadogo alikuwa anatugonga na sisi kifuani kwa kidole, anatega sikio, anasema, "Huyu hana nyufa, mpeni chakula."

Miaka mitatu baada ya kustaafu, figo zake zote mbili zilikataa kazi. Ikawa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lazima aende hospitali, alazwe saa nne nzima pembeni ya mashine, damu itolewe, isafishwe, irudishwe. Wenye wagonjwa wa aina hii mnajua ninachosema. Anatoka pale miguu haina nguvu, macho yameingia ndani, na mtu wa kumshika mkono anahitajika.

Kisha daktari akamwekea sharti. Nusu lita ya maji kwa siku. Hapo umeshajumlisha chai, uji na mchuzi. Ndugu zangu, hebu niulize: mmewahi kumwona mtu aliyewapelekea maji watu laki nne kwa miaka thelathini na mmoja, akipimiwa maji ya kunywa kwenye kikombe cha kahawa? Mimi nimemwona, na mpimaji nilikuwa mimi. Na hakulalamika. Alikuwa anakinywa kile kikombe taratibu kama mtu anayesoma barua, halafu anasema, "Haya yametoka upande wa mashariki, wamezidisha dawa. Waambie." Namjibu, "Nitawaambia, baba." Sikuwaambia. Ningemwambia nani? Ningeandika barua, ningeipokea mwenyewe, na ningeifungia jalada.

Siku zangu za likizo ya mwaka ziliisha kabla ya mwezi wa tatu. Ndipo nikajaza fomu. Niliomba asubuhi tatu kwa wiki za kumpeleka baba hospitali, na nikaahidi kuzifidia Jumamosi nzima na jioni za siku nyingine. Niliijaza kwa mwandiko mzuri. Niliigonga muhuri mwenyewe, nikaipandisha ghorofa ya pili kwa Ndugu Afisa Utumishi.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu. Nayajua kwa moyo, na kwa idhini yenu nitayasema kama yalivyo: "Ombi lako limepokelewa na kuzingatiwa. Kanuni inatambua ugonjwa wa mtumishi, uzazi wa mtumishi, na kifo cha ndugu wa karibu wa mtumishi. Kanuni haitambui ugonjwa wa ndugu. Unashauriwa, ukifikia hatua inayofuata, uombe tena."

Ukifikia hatua inayofuata.

Nilisimama na karatasi ile pale kwenye ngazi, nikaisoma mara ya pili, kwa sababu nilidhani kuna mstari nimeuruka. Kisha nikashuka masjala, nikaipa namba, nikaifungia kwenye jalada langu. Ndiyo kazi yangu.

Ikawa Ijumaa anapelekwa na shangazi huyu mnayemwona. Jumatatu na Jumatano anakwenda na dereva wa teksi wa mtaani kwetu, mtu mwema, anamwacha mlangoni na kumfuata baada ya saa nne. Mimi nilikuwa namwandaa tu asubuhi. Jumatano moja, miezi minane baada ya barua ile, nilimkuta ameshavaa, amekaa kitandani, mikono imemvimba. Nikamwambia, "Baba, leo sitoki. Acha wanifukuze."

Akanitazama kama amesikia mlio ambao haujakaa sawa. "Wakufukuze ili iweje? Nenda kazini. Faili likipotea watasema ni mimi nimekuchelewesha."

Nikaenda. Saa tano asubuhi nilikuwa nimepiga magoti kwenye kabati la mwisho natafuta jalada lililokuwa linahitajika ghorofa ya nne haraka sana, kikao kimesimama kwa ajili yake. Lilikuwa jalada la maandalizi ya Siku ya Familia Kazini. Simu ikalia. Alikuwa muuguzi.

"Mama, uko karibu?"

"Niko dakika arobaini. Nakuja mbio, nakuja sasa hivi."

Akasema, "Basi njoo taratibu, mama. Usikimbie."

Baba alifia kwenye kiti cha kusubiria, zamu yake haijafika, kofia iko magotini. Aliyekuwa amekaa pembeni yake alidhani amesinzia.

Sasa, kwa kuwa leo ni siku ya kupongezana, naomba nitoe pongezi zangu za dhati kwa Idara ya Utumishi. Fomu yangu ya msiba ilisainiwa ndani ya dakika kumi na tano. Kwa miaka yote niliyokaa hapa sijaona ofisi yetu ikikimbia vile. Nilipewa siku saba, na shada la maua lenye utepe wa Mamlaka. Siku saba za kumlilia, mimi niliyenyimwa asubuhi moja ya kumshika mkono. Lakini kanuni ni kanuni, na nilikuwa nimefikia hatua inayofuata.

Niliporudi kazini nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilikwenda kabati namba sita nikatoa taarifa za ukaguzi za baba. Nikakaa chini sakafuni nikazisoma. Nilikuta taarifa ishirini na mbili, za miaka kumi na mmoja, zote zinasema jambo moja: valvu ya kilomita ya mia moja arobaini na moja inavuja. Ya kwanza ni ya heshima. Ya tano imepigiwa mstari chini. Ya kumi na mbili ina mchoro. Ya ishirini na mbili inasema tu, "Kama nilivyoeleza awali." Zote zimeandikwa "Nimeona" na wakubwa mbalimbali. Na zote, mabibi na mabwana, zina muhuri wa "Imepokelewa", na mkono uliougonga ni huu hapa unaoshika kipaza sauti. Baba yangu alikuwa ananiandikia miaka kumi na mmoja, na mimi nikawa nampa namba.

Nilikaa pale sakafuni mpaka mguu ukafa ganzi. Nikajiambia, mtu huyu alitembea kilomita hizi zote na mimi sijawahi kutembea hata moja. Nitatembea. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, goti la kushoto bovu, na mwili uliojengwa na kiti. Nikaomba likizo yangu ya mwaka iliyofuata, siku zangu halali, nikaandika sababu: "Kutembea kwa miguu kwa kumbukumbu ya marehemu baba."

Ombi lilirudi limekataliwa, kwa maelezo kwamba sababu haieleweki.

Kisha sijui nani alimnong'oneza Afisa Uhusiano. Baada ya siku mbili niliitwa ghorofa ya nne. Nilikuwa sijawahi kukalia viti vya kule; ukikaa, vinakumeza. Ndugu Mkurugenzi alinipokea kwa mikono miwili, akasema, "Mama, wazo hili limetugusa sote."

Nikauliza, "Wazo lipi, mheshimiwa?"

"La Mamlaka kuandaa matembezi."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Mamlaka inaandaa matembezi. Ikaundwa kamati ya watu kumi na wanne, ikakaa vikao tisa, na mimi nilialikwa kwenye kikao cha saba ili nipimwe fulana. Fulana ndizo hizi. Mbele zimeandikwa "Tunatembea Pamoja". Nyuma kuna picha ya Ndugu Mkurugenzi akiwa amesimama.

Siku ya kuanza, pale kwenye chanzo, menejimenti yote ilikuja na magari manane. Kukawa na hotuba. Kukawa na mazoezi ya kunyoosha viungo, ambapo Mkuu wa Idara ya Fedha alikwama akasaidiwa. Kisha tukatembea pamoja, kama fulana zilivyoahidi, mita mia mbili, mpaka mahali ambapo magari yalikuwa yametangulia kusubiri. Hapo wenzangu wakakumbuka kikao cha dharura, na ndani ya dakika tano nilibaki na vumbi, bomba na shangazi.

Shangazi alikuwa hajapangwa. Ana miaka sitini na tatu. Alikuja kuniaga, amevaa viatu vya plastiki na mwavuli mkononi. Nikamwambia, "Shangazi, gari la mwisho hilo linaondoka, wahi."

Akasema, "Liende. Kaka yangu ametembea hapa miaka thelathini na mmoja, mimi nitashindwa siku kumi na sita?"

"Ni mbali, shangazi. Utachoka."

"Wewe tembea, acha kunihesabia pumzi."

Kabla hatujaondoka niliinama pale maji yanapotoka kwenye mwamba. Maji baridi, meupe, hayana mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kwa miezi kwamba nikifika pale nitakunywa mpaka nitosheke, ninywe na sehemu yake. Nikanywa. Ilipofika kama nusu lita koo likafunga. Nilijaribu tena, halikupita hata tone. Shangazi alinitazama, akafungua mwavuli, akasema, "Twende." Nikamfuata.

Sitawachosha na malengelenge. Nitasema tu kwamba siku ya tatu nilikuwa natembea kama bata, siku ya tano nilikuwa namchukia kila mhandisi aliyewahi kupitisha bomba kwenye kilima badala ya kukizunguka, na siku ya saba goti lilivimba nikakaa chini nikasema hapa ndio mwisho. Shangazi alikuwa mbele kama hatua mia mbili, na viatu vyake vya plastiki. Hakurudi. Alikaa kwenye jiwe akaanza kuimba, vibaya sana, mpaka nikainuka ili tu nikamnyamazishe. Tulikuwa tunafikia kwenye nyumba za walinzi wa mitambo, na kila tulipofika walinzi wazee walikuwa wanauliza, "Wewe ndiye mtoto wa Bwana Sikio?" Wanatupa uji, wanatupa godoro. Gari la huduma ya kwanza tuliloahidiwa na kamati lilionekana siku ya kwanza, likaonekana tena siku ya kumi na sita. Nasikia katikati lilikuwa kwenye matengenezo, na kwamba lilitengenezewa harusini.

Siku ya tisa tulifika kilomita ya mia moja arobaini na moja.

Niliisikia kabla ya kuiona. Ile valvu ilikuwa inatoa sauti kama mtu anayezuia kicheko. Maji yanaruka pembeni, yanashuka kwenye mfereji uliochimbwa vizuri kabisa, na chini yake kuna bustani: vitunguu, nyanya, mboga za majani, mistari imenyooka kama daftari la mwalimu. Katikati alikuwa mama mmoja wa makamo ameinama anapalilia. Alipoona fulana zetu zenye nembo ya Mamlaka akadondosha jembe.

"Mmekuja kuziba?"

"Hapana, mama. Tunapita tu. Tunatembea."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Mjini."

"Mmefukuzwa kazi?"

Shangazi akaangua kicheko. Nikamweleza kwamba baba yangu alikuwa mkaguzi wa bomba hili, kwamba amefariki, na kwamba natembea kwa ajili yake. Yule mama akajifuta mikono, akakaa juu ya tuta. "Yule mwenye nyundo? Bwana Sikio amefariki?" Akafunika uso na kanga yake. Alilia, ndugu zangu. Sijui kama katika jengo letu hili kuna mtu aliyemlilia vile.

Kisha akanieleza. Alikuwa mjane, ana watoto wanne, na alianza kwa kupanda mistari miwili tu ya mboga. Baba alipomkuta mara ya kwanza, aliogopa atafukuzwa. Baba akamwambia, "Mama, mimi lazima niripoti, ndiyo kazi yangu. Lakini nawajua wenzangu. Panda." Kila alipopita alikuwa anamwambia, "Nimeripoti tena. Panda na msimu huu." Na mara ya mwisho kabla ya kustaafu alimwambia, "Nikisikia wanakuja kuziba, nitakuja mwenyewe nikuambie, uvune kwanza."

Watoto wanne wamesoma kwa valvu ile. Mmoja sasa ni muuguzi. Na mimi hapa ningependa kuipongeza Idara ya Matengenezo kwa mradi wake pekee wa maendeleo ya jamii uliofanikiwa, ambao haukuwa na kamati, haukuwa na uzinduzi, na idara yenyewe haikujua kama upo. Wala sisemi isizibwe. Baba alisema lazima izibwe, na alisema mara ishirini na mbili. Nasema tu kwamba mtakapokwenda, mtangulize taarifa. Mwacheni avune kwanza.

Siku ya kumi na mbili mvua ilitukuta, tukajibanza chini ya mwavuli wa shangazi, mgongo kwenye bomba. Hapo ndipo nililisema lile nililokuwa nimelibeba tangu Jumatano ile. Nilisema, "Shangazi, alikufa peke yake kwa sababu yangu. Alikaa kwenye kiti kile akijua sikuja."

Shangazi aliuhamishia mwavuli mkono wa pili. Kisha akasema, "Unajua kule wodini alikuwa anawaambia nini wenzake?"

"Sijui."

"Walikuwa wanamuuliza, 'Mzee, huna mtoto?' Anawajibu, 'Ninaye. Yuko kazini. Akitoka pale ofisini nusu saa tu, mji mzima unakosa maji.' Mpaka wale wauguzi wakaamini. Yule aliyekupigia simu siku ile, aliogopa kukupigia kwa sababu hiyo. Alidhani wewe ndiye unayefungua mabomba."

Nililia na kucheka kwa pamoja mpaka shangazi akanifokea kwamba nautikisa mwavuli. Baba alikuwa anajua vizuri sana kwamba mimi ni karani ninayekaa jirani na choo. Alinipandisha cheo kwenye wodi ya wagonjwa, bila kamati ya ajira, ili asinitie aibu. Na kwa kuwa wale wagonjwa wenzake waliamini, naomba kuutumia wasaa huu kuthibitisha mbele yenu, Mheshimiwa Mwenyekiti: nilikuwa nje ya ofisi siku kumi na sita, na mji haukukosa maji hata dakika moja. Zile asubuhi tatu kwa wiki tungeziweza.

Siku ya kumi na sita, saa tatu asubuhi, tulifika kwenye tanki kuu. Hapakuwa na mtu. Alikuwepo mlinzi, akatupa maji na benchi. Niliegemeza paji la uso kwenye ule ukuta wa tanki, wa baridi, nikausikia ukivuma kwa ndani, nikasema niliyotaka kusema kwa baba. Hayo siyasemi hapa. Nilikuwa nimemaliza.

Saa nne na nusu akaja Afisa Uhusiano jasho linamtoka. "Mama, mmefika saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Haiwezekani! Ratiba inasema mnafika saa kumi jioni. Mgeni rasmi bado, kamera bado, bendi bado!"

Basi tukapakiwa kwenye gari, mimi na shangazi, tukarudishwa nyuma kilomita tatu, tukashushwa chini ya jua, tukaambiwa tutembee kwa hisia. Ndiyo maana ninyi mlituona tukifika saa kumi, bendi ikipiga. Katika historia ya matembezi ya masafa marefu, nadhani mimi na shangazi ndio watu pekee tuliomaliza safari moja mara mbili kwa siku moja. Machozi mliyoyaona kwenye picha si ya majonzi. Shangazi alikuwa amenikanyaga.

Na hapa niseme neno kuhusu bango hili nyuma yangu. Ni bango zuri, lina nembo sita. Pale chini kabisa, kwenye kona, kuna picha ndogo kama stempu, imeandikwa "Marehemu". Nimeitazama tangu nilipoingia. Ndugu wana kamati, huyo si baba yangu. Huyo ni mzee wetu mstaafu wa karakana, amekaa mstari wa nne, ameshika soda. Mzee wangu, shikamoo. Pole sana. Naona unaendelea vizuri.

Cheka, mzee, cheka. Baba naye angecheka.

Nakaribia mwisho. Naona Mshereheshaji ananionyesha saa yake, ni nzuri.

Ndugu Mkurugenzi, umenikabidhi ngao hii ya kioo, na umesema mbele ya watu wote niombe lolote mradi lisihitaji kikao. Nakushukuru. Ombi langu ni maneno manne tu yaongezwe kwenye kanuni, baada ya "ugonjwa wa mtumishi": "mzazi, mwenza au mtoto". Nimeyahesabu, ni manne, hayatajaza hata mstari.

Mnaweza kusema, kwani mama huyu ni mmoja tu. Niliporudi nilikwenda tena makabatini, na safari hii nilisoma. Barua za aina ile niliyopewa mimi, za miaka minne tu iliyopita, ni arobaini na tatu. Zote nilizifungia mimi. Sitamtaja mtu, majalada ni siri na mimi bado ni karani. Lakini mwenyewe aliyepokea barua ile hafungwi na siri yake. Basi naomba, bila kulazimishana, kila aliyemo humu ambaye aliomba kumuuguza mtu wake akaambiwa asubiri hatua inayofuata, asimame.

Msiogope. Nasubiri.

Dereva wa gari la maji machafu, asante. Nakumbuka, alikuwa mtoto wako. Mama wa usafi, asante. Fundi mita, wawili, watatu. Mhandisi wa mitambo, hata wewe? Katibu muhtasi wa Mkurugenzi, uliyeichapa barua yangu kwa mikono yako, simama tu, mama, usilie. Kule nyuma siwaoni vizuri, lakini naona vichwa vingi.

Na wewe, Ndugu Afisa Utumishi? Unasimama kunizuia?

Hapana? Nani? Mkeo.

Sikulijua hilo. Sijaona jalada lako. Hukuandika kabisa? Hukuandika. Ulikuwa unalijua jibu.

Pole, ndugu yangu. Pole sana. Njoo usimame huku mbele, pembeni ya shangazi.

Naona na Ndugu Mkurugenzi Mkuu ameinuka. Kutoka hapa nilipo sijui kama anasimama nasi au anawahi kikao cha dharura. Ndugu Mkurugenzi, mlango uko kulia, na sisi tuko kushoto.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nawashukuru nyote kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Chakula kiko tayari. Ila ninyi mliosimama, nawaomba, msikae kwanza.